Jicho la Kulia la Kamanda Prosser

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga waliposema hivyo hawakuweka "huenda" wala "pengine". Maana yake ni kwamba ugonjwa ukiufungia ndani, siku moja utatoka wenyewe hadharani, na ukitoka kwa hiari yake hutoka umevaa sanda. Wengi wetu tukiisikia methali hii huwafikiria watu wa vikohozi na majipu. Idwal Prosser hakuwa na kikohozi wala jipu. Alikuwa na kifua kama mlango wa ghala na shingo iliyokataa kola zote za serikali, na katika mwaka wa pili wa vita vya Hitler alikuwa kamanda wa kituo cha Jeshi la Anga cha Penllwyd, kwenye pwani ya magharibi ya Wales. Maradhi yake yalikaa mahali ambapo watu waliyatazama kila siku bila kuyaona. Yalikuwa ndani ya jicho lake la kulia.

Kabla ya kuwa kamanda, Prosser alikuwa jina. Katika bonde la Nantddu, walikochimba makaa ya mawe, mtoto alijua kushika mpira wa raga kabla ya kujua kushika kijiko, naye Prosser aliushika mpaka akavaa jezi nyekundu ya timu ya taifa. Siku moja, Wales ikipambana na Uskoti, alivunjika mtulinga mechi ikiwa mbichi. Zama hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Ukitoka, wenzako hubaki kumi na wanne, na watu kumi na wanne mbele ya Waskoti ni unga mbele ya upepo. Prosser aliuchomeka mkono wake ndani ya jezi kama mtu aliyeficha kuku wa wizi, akarudi kusukumana, na hakutoka hadi filimbi ya mwisho. Wales ilishinda. Tangu hapo ukazaliwa msemo bondeni: "Prosser halali chini." Walimu waliwasomea wavivu maneno hayo, wahubiri waliupandisha mimbarini, na wanawake waliwapiga nao waume zao waliojidai kuumwa kila Jumatatu.

Sifa ni tamu, ila ina ubaya mmoja: mwenyewe naye huiamini. Katika mechi yake ya mwisho ya taifa, kiatu cha Mfaransa kilimpitia usoni. Prosser akatema damu, akacheka, akaendelea. Jicho halikucheka. Lilingoja miaka kumi na zaidi, na Oktoba ya mwaka huo wa pili wa vita likaanza kufifia kutoka pembeni, kama pazia linaloteremshwa na mtu asiye na haraka.

Angekwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini alijua jibu: rubani wa jicho moja hapewi ndege, na kamanda asiyeruka hupelekwa ofisini London kuhesabu mablanketi. Akaamua kuficha, na katika kuficha akawa fundi. Alimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe. Aliwaketisha wageni wote upande wa kushoto. Ubao wa herufi wa daktari aliukariri kama mtoto anavyokariri Baba Yetu, hata siku ya uchunguzi, jicho zima likiwa limezibwa, alizisoma herufi zote mpaka mstari wa chini bila kuuona hata ukuta.

Ardhi ndiyo haikukaririka. Mwenye jicho moja huiona ardhi, ila hajui iko karibu kiasi gani, na rubani anayetua asijue hilo ni sawa na mtu anayeshuka ngazi gizani. Alasiri moja alitua, ndege ikadunda mara tatu. Rubani msaidizi, Taliesin Beynon, kijana wa Nantddu kama yeye mwenyewe, alisubiri injini zizimwe.

"Afande," alisema, "hii tuliyopanda ni ndege au mbuzi?"

"Upepo, Tal."

"Upepo umelala tangu asubuhi. Hata kuku wa jikoni hawajapeperuka unyoya."

Prosser akajifanya anatafuta glavu zake.

"Lipi?" Tal akauliza.

"Lipi nini?"

"Jicho, afande. Nimekaa mkono wako wa kulia mwezi mzima na hujanitazama hata nilipokutolea ulimi."

Prosser alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "La kulia," alisema. "Ukimwambia mtu nitakuvunja meno."

"Meno ni yangu, nitayaangalia. Lakini nenda kwa daktari."

"Baada ya majira ya baridi."

Tal hakupenda jibu hilo. Lakini baba yake alikuwa miongoni mwa wanaume waliombeba Prosser mabegani siku ya Waskoti, naye alikua akiisikia hadithi hiyo kila Krismasi, ikinenepa mwaka hadi mwaka. Akalimeza neno. Tangu siku hiyo kila walipotua alisoma umbali wa ardhi kwa sauti ndogo: futi hamsini, arobaini, thelathini. Upande wa kulia wa anga ukawa wake. Wawili hao wakawa mtu mmoja mwenye macho matatu, na kwa miezi kadhaa siri ikakaa.

Palikuwa na desturi Penllwyd. Jumapili baada ya chakula cha mchana, maofisa walisogeza viti vya bwalo ukutani, wakakunja zulia, wakacheza raga humo humo ndani. Vikombe vilivunjika, pua zilivuja, na mpishi alikuwa na haki ya kutukana vyeo vyote. Jumapili moja ya Januari Prosser alisimama karibu na meko akipiga soga. Ofisa mmoja akaunyakua mpira upande wa pili wa chumba. "Kamanda, huo," aliita, akaurusha.

Mpira ulikuja kutoka kulia. Ulimpiga sikioni, kiko kikaruka hadi majivuni.

Bwalo zima likacheka. Prosser naye, mwepesi wa hila, akajiangusha kitini kwa madaha kama mzee aliyepigwa na radi, wakazidi kucheka. Mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Daktari Meurig Pugh, daktari wa kituo, aliyevaa jezi nyekundu misimu minne bega kwa bega na Prosser, na ambaye hakuwahi kumwona akikosa mpira, hata akiwa amelewa. Alikuja taratibu, akasimama upande wa kulia wa kiti.

"Umezeeka, Idwal, au umejiunga na maigizo?"

"Vyote viwili, Meurig. Nalipwa kwa kimoja tu."

"Nimeinua vidole vingapi?"

"Vya kutosha kushika glasi."

"Sikuinua hata kimoja," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kesho saa tatu asubuhi, kwangu. Na usijisumbue kukariri. Nimeletewa ubao mpya."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa tatu, bahati ilimtupia Prosser kamba, na wapo wanaotupiwa kamba wakajinyongea. Rubani aliyepangiwa doria ya baharini aliamka na homa kali. Msafara wa meli za chakula ulikuwa unakaribia kutoka magharibi, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikiusubiri. "Nitakwenda mimi," Prosser alisema, akavaa koti la kurukia kabla mtu hajatia neno.

Tal alimkuta chini ya bawa. "Afande, una miadi."

"Nyambizi nazo zina miadi. Mwenye haraka zaidi ni nani?"

"Maddock yupo. Ni rubani wa akiba, amelala vizuri, yuko bwaloni anakula mkate wa kuchoma. Mwite."

"Maddock ni mtoto."

"Mtoto mwenye macho mawili."

Uso wa Prosser ukafunga. "Sikiliza, kijana. Nilicheza na mfupa umevunjika vipande viwili. Sikutoka."

"Hukutoka kwa sababu hapakuwa na wa kuingia," Tal alisema. "Hapa yupo, afande. Anakula mkate."

Kilikuwa kipimo cha haki, kimewekwa mbele yake mchana kweupe. Kamanda alikitazama kwa jicho lake moja, akakipita. "Panda," alisema. Tal akapanda. Nyuma yao walipanda wawili: mpiga bunduki wa mkiani, na Cutler wa redio, mtoto wa mkulima wa Yorkshire aliyelalamikia kila kitu isipokuwa chakula.

Waliruka saa nyingi juu ya maji ya rangi ya risasi. Mawingu yalitanda chini, mengine juu, ndege ikapita katikati kama ulimi kati ya meno. Kipasha joto kilikuwa kimeharibika. Cutler alisema kwenye simu ya ndani kwamba ng'ombe wa baba yake walikuwa na maisha bora, na hakuna aliyembishia. Tal alichunga upande wa kulia bila kupepesa, chai yote aliyokunywa asubuhi ikimdai haki yake.

"Afande," alisema mwishowe, "naomba ruhusa nikachimbe dawa."

"Huwezi kungoja?"

"Nimengoja tangu Ireland."

Prosser alitabasamu. "Nenda. Kulia nitakuangalizia mimi."

Tal alisita. Alimtazama kamanda, akaitazama anga ya kulia, nyeupe na tupu. "Geuza shingo," alisema. "Usitazame, geuza shingo nzima."

"Nenda, wewe, kabla hujatuharibia ndege."

Tal alifungua mkanda, akarudi nyuma. Prosser aligeuza shingo kulia, akahesabu pumzi chache, akairudisha. Akageuza tena. Ndipo pembeni kushoto, mbali chini ya wingu, akaona moshi, kisha moshi mwingine. Msafara ulikuwa huo. Moyo wake ukaruka kwa furaha, naye akainama kuzihesabu meli ili Cutler atume habari. Ilikuwa kazi halali na aliifanya vizuri. Kwa muda huo wote upande wa kulia wa ndege ile haukuwa na mwenyewe.

Ndege ya Mjerumani iliteremka kutoka wingu la juu, kulia. Mtu yeyote mwenye jicho la kulia angeiona ikiwa ndogo kama nzi, akapata nafasi ya kujitosa mawinguni. Prosser aliiona risasi zilipokwisha kufika. Kioo kilipasuka, bati likapiga kelele kama paa linalopigwa na mvua ya mawe, harufu ya mafuta ikajaa. Alisukuma usukani, wakazama kwenye wingu la chini, na bunduki ya mkiani ikafyatua mfululizo hadi adui akapotea. Kisha kukawa na upepo tu, ukipiga mluzi kwenye matundu.

"Nani ameumia?" Prosser aliuliza.

Sauti ya Cutler ilipokuja haikuwa na lalamiko lolote ndani yake.

"Tal, afande. Alikuwa njiani anarudi kwenye kiti chake. Imempata ubavuni."

"Mfunge."

"Nimemfunga. Damu inapita kila mahali. Anasema maneno, afande. Sielewi maana yake. Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Sijui. Hamsini, arobaini, thelathini. Akimaliza anaanza upya. Kuna kitu anataka nifanye?"

Prosser alishika usukani kwa mikono miwili. Hata hapo, na rafiki yake akikata roho hatua chache nyuma ya kiti chake, ule uongo ulikuwa bado umemkaa kooni, umenona, hautaki kutoka.

"Mwambie bado," alisema. "Mwambie bado hatujafika."

Cutler akamwambia. Walipoiona pwani ya Wales, Cutler alisema kwa upole, "Ameacha kuhesabu, afande."

Penllwyd ilikuwa mbele yao, chini ya mvua nyembamba. Prosser aliuona uwanja kama picha iliyobandikwa ukutani: bapa, hauna karibu wala mbali. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Aliuzunguka uwanja mara moja, akauzunguka tena, na kila alipoelekeza pua ya ndege chini jasho lilimtiririka kwenye baridi ile. Mafuta yalikuwa yakivuja. Mzunguko wa tatu usingekuwapo.

"Cutler," alisema. "Njoo ukae hapa kulia."

"Mimi ni wa redio, afande. Sijui hata kushika hicho."

"Hutashika kitu. Jicho langu la kulia limekufa. Siwezi kuiona ardhi iko wapi. Inabidi uniambie."

Alikwisha kulisema. Lilikuwa neno dogo, halikuvunja hata kioo.

Cutler alikuja, damu ya mwenzake ikiwa mikononi, akaketi. "Tangu lini?" aliuliza.

"Oktoba."

"Kwa hiyo ndicho alichokuwa akihesabu."

"Ndicho."

Cutler alichungulia nje ya kioo. "Futi sizijui, afande. Ghala la nyasi la baba nalijua, nimeanguka kutoka juu yake mara ngapi. Nitakupimia kwa hilo."

"Pima."

Ndege ikashuka. Ua wa kituo ukapita chini ya magurudumu.

"Maghala mawili," Cutler alisema. "Ghala moja na nusu. Ghala. Shuka. Nusu ghala. Polepole sasa, polepole, huo ni mkokoteni uliojaa nyasi. Farasi. Bado farasi. Ng'ombe. Ng'ombe aliyelala..."

Magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakagusa tena, yakakaa. Ndege ikakimbia kwenye maji ya mvua, ikasimama. Hakuna aliyeshangilia. Daktari Pugh alikuwa wa kwanza kupanda. Alipiga magoti kando ya Tal, akafumba macho ya kijana kwa vidole viwili, kisha akainua uso kwa kamanda. Alikuwa amengoja ofisini tangu saa tatu.

Tal Beynon alizikwa Nantddu. Wanaume wa klabu ya raga walibeba jeneza kwa zamu mpaka makaburini, wakiimba kwa sauti nne kama wanavyoimba huko, wachimbaji wenye makovu usoni yaliyoingiwa na makaa yakawa ya buluu, na mlima mweusi wa vumbi la makaa nyuma yao. Prosser alitembea nyuma ya jeneza akiwa na sare. Kila alipopita watu walivua kofia. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia, "Umemrudisha mtoto wetu nyumbani, Idwal. Ndege imejaa matundu, na umeirudisha. Wewe ni yule yule." Prosser aliutoa mkono wake taratibu, akaendelea kutembea nyuma ya jeneza.

Nyumbani kwa Beynon watu walijaa hadi ngazini. Palikuwa na chai, mikate myembamba ya zabibu iliyookwa juu ya chuma, na nyama kidogo ambayo majirani walikuwa wamekusanya kutoka kwenye mgao wao. Mama yake Tal, Bi Marged, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kufulia, alikuwa ameketi wima kando ya meko. Alimwita kamanda kwa kidole, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mvulana anayevunja madirisha ya mtaa huo.

"Idwal," alisema, "nina swali moja, nikishajibiwa nitakuacha unywe chai. Aliyemuua mwanangu, ulimwona akija?"

Jibu jepesi lilikuwapo, limeiva. Mawingu, mama. Jua, mama. Vita, mama. Taarifa ya jeshi ilikuwa bado haijatoka, Pugh na Cutler wasingefungua mdomo mbele ya mfiwa, na kila aliyekuwamo chumbani alitaka kuamini.

"Sikumwona, mama," Prosser alisema.

"Kwa nini?"

"Alikuja kutoka kulia. Jicho langu la kulia halioni. Halioni tangu Oktoba, na nilificha."

Bi Marged hakuondoa macho.

"Taliesin alijua?"

"Alijua. Alinisihi niende kwa daktari. Nikakataa, yeye akawa ananionea."

"Na siku ile, mwingine wa kurusha hiyo ndege hakuwapo?"

"Alikuwapo. Tal mwenyewe alinitajia jina lake."

Mama huyo alilainisha nguo magotini kwa kiganja. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Hayo maneno uliyoniambia sasa hivi," alisema, "ni machache. Nimeyasikia yote na chai yangu bado ina moto. Ungemwambia daktari mwezi wa kumi, yangekuwa maneno tu, ungerudi ukanywa chai yako. Umeyaweka mpaka unaniletea mimi, pamoja na sanduku."

Prosser alisimama mbele yake, mkubwa kama mlango, kofia mkononi. Waliokuwa kulia kwake waliona jicho lile likitoka machozi sawasawa na lile zima, na wakajua ilivyo rahisi kudanganywa nalo. Mmoja mmoja wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemshika mkono tena. Alingoja hadi Bi Marged alipomwonyesha mlango kwa kidevu, akatoka, na kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Daktari Pugh.

Jeshi lilimpeleka London, akayahesabu mablanketi hadi vita vilipokwisha, akafanya kazi hiyo kwa uaminifu. Ukimuuliza mtu wa Nantddu, hatakwambia kwamba Idwal Prosser alikuwa mwoga, maana hakuwa. Atakwambia kwamba alikuwa shujaa wa kila kitu isipokuwa neno moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na si lazima kiwe kifo chake.